Msumeno wa Kikombe: Ukiona Moshi, Simama



Somo letu la leo linatoka katika karakana ya useremala. Tutajifunza kifaa kimoja tu, lakini tutakijifunza vizuri. Kifaa hicho ni msumeno wa kutobolea matundu makubwa. Kwa kuwa una umbo la kikombe chenye meno mdomoni, sisi tutauita msumeno wa kikombe.

Kwanza tueleze kwa nini tumechagua somo hili.

Siku moja tulikwenda katika karakana ya kikundi kimoja kijijini. Tulitaka kuona jinsi wanakikundi wanavyotumia kisomo chao kazini. Kikundi kilikuwa kimepata kazi ya kutengeneza milango ya nyumba za walimu. Milango ilikuwa ya mninga, na kila mmoja ulitakiwa kutobolewa tundu la kitasa cha mviringo. Walikuwa wamenunua drili na msumeno wa kikombe mpya.

Kijana mmoja alishika drili kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaukandamiza mlango juu ya meza. Akaanza kutoboa. Baada ya muda mfupi moshi ukaanza kutoka.

Fundi mzee akamwambia, "Kijana wangu, mbona inafuka?"

"Ni vumbi tu, mzee. Imebaki kidogo itoboke," kijana akajibu. Akazidi kukandamiza.

Meno yakanasa katika ubao. Msumeno ukasimama, lakini mota ya drili haikusimama. Drili nzima ikageuka pamoja na mkono wake. Kifundo cha mkono kikavunjika pale pale. Kijana yule alikaa na plasta mkononi msimu wote wa palizi, na shamba lake likapaliliwa na wenzake. Na ule msumeno mpya? Ulikuwa umeungua, meno yamegeuka rangi ya bluu. Haukukata tena.

Sasa tuseme kweli. Sisi tulikuwa tumesimama pale. Moshi tuliuona. Tulinyamaza kwa sababu tulidhani fundi anajua kazi yake, na sisi ni walimu wa kusoma na kuandika tu. Kumbe kunyamaza ni kosa. Ndiyo maana tumewauliza mafundi, tukajaribu wenyewe, na leo tunaandika somo hili.

KIFAA CHENYEWE

Msumeno wa kikombe una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kikombe. Ni chuma cha mviringo, wazi upande mmoja, na ukingo wake una meno. Ubavuni kina matundu au mianya ya kusukumia nje kipande cha ubao kilichonasa.

Sehemu ya pili ni shina. Hiki ni chuma kinachoshika kikombe na kuingia katika mdomo wa drili.

Sehemu ya tatu ni biti ya katikati. Hii huingia katika ubao kabla ya meno. Kazi yake ni kuongoza kikombe kisitangetange.

Keekee ya kawaida hula mbao zote za tundu na kuzigeuza maranda. Msumeno wa kikombe hauli zote. Unakata mzunguko tu, na katikati unaacha kisahani cha ubao. Kwa hiyo mota ndogo inaweza kutoboa tundu kubwa. Hiyo ndiyo faida yake.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Unga wa mbao unabaki katika mfereji mwembamba na hauna njia ya kutoka. Meno yanausaga unga ule ule tena na tena. Unapata moto. Tutarudi kwenye jambo hili.

KUNUNUA

Ukienda dukani na hujui jina la kifaa, chora kikombe chenye meno kwenye karatasi, kisha andika kipimo unachotaka. Muuzaji ataelewa.

Utaonyeshwa aina tatu hasa.

1. Aina ya chuma cha kawaida. Huuzwa kwa seti, pete nyingi ndani ya boksi moja. Bei yake ni nafuu. Inafaa kwa mbao laini, plaiwudi nyembamba na plastiki. Haipendi moto hata kidogo.

2. Aina ya vyuma viwili. Mwili wake ni chuma kinachopindika bila kukatika, na meno ni chuma kigumu sana kilichounganishwa kwa mwili huo. Inakata mbao ngumu, na hata bati nene. Bei yake iko juu, lakini inadumu.

3. Aina yenye meno machache makubwa ya kubandikwa, magumu kuliko chuma. Inakata haraka, lakini meno hayo huvunjika yakigonga msumari au yakianguka sakafuni.

Kwa kikundi kinachotengeneza milango ya mninga au mvule, ni afadhali kununua msumeno mmoja wa aina ya pili kuliko seti nzima ya aina ya kwanza. Usinunue vipimo kumi wakati kazi yako inataka vipimo viwili.

Kipimo kimechongwa juu ya kikombe. Hapa kisomo chako kinafanya kazi. Vitasa vingi vya mviringo hutaka tundu la mm 54 usoni mwa mlango, na tundu la mm 25 ukingoni kwa ajili ya ulimi wa kitasa. Lakini usitoboe kwa kusikia. Fungua boksi la kitasa, utoe karatasi, usome. Hata kama maneno ni ya lugha ya kigeni, tarakimu ni zile zile ulizojifunza.

KABLA YA KUTOBOA

Fanya mambo haya kwa utaratibu.

1. Chomoa waya wa drili kwenye umeme. Kama ni drili ya betri, toa betri. Usifunge wala kufungua msumeno wakati drili ina moto.

2. Funga kikombe kwenye shina. Mashina mengine yana pini mbili zinazoingia katika matundu ya kitako cha kikombe. Shina la namna hii usilikaze mpaka mwisho. Zungusha kikombe mpaka kikae, kisha kirudishe kidogo mpaka pini ziingie. Ukikaza mno, kesho hutaweza kukifungua.

3. Hakikisha biti ya katikati imetangulia meno kwa kiasi cha unene wa penseli. Kaza skrubu yake.

4. Tazama alama kwenye drili. Nyingi zina alama ya nyundo na alama ya biti. Alama ya nyundo ni ya kutobolea ukuta. Kwa mbao weka alama ya biti. Kama drili ina namba 1 na 2, weka namba 1, yaani mwendo wa polepole wenye nguvu.

5. Bana ubao au mlango kwenye meza kwa vibano viwili. Usishike kwa mkono, na usimwambie mwenzako akushikie.

6. Weka ubao chakavu chini ya mlango, pale tundu litakapotokea.

7. Vaa miwani ya kukinga macho. Funga kitambaa puani, maana vumbi la mbao ngumu linadhuru kifua. Kunja mikono ya shati. Mama fundi, kaza kanga yako na ufunge nywele. Glovu usivae. Watu wengi hudhani glovu inasaidia, kumbe drili ikiikamata inavuta na mkono wote.

KUTOBOA

Weka alama ya katikati ya tundu kwa penseli. Gonga alama hiyo kidogo kwa msumari, ili biti isiteleze.

Shika drili kwa mikono miwili. Drili kubwa ina mpini wa pembeni. Ufunge mpini huo na uutumie. Usiutupe ndani ya boksi. Simama imara, miguu imeachana. Jiulize hivi: drili hii ikinasa sasa hivi, mkono wangu utakwenda wapi? Kama utagonga ukuta au mguu wa meza, badili mahali unaposimama.

Anza polepole. Iache biti iingie kwanza. Meno yakigusa ubao, usikandamize. Acha msumeno ukate wenyewe. Hakikisha meno yanagusa pande zote. Yakigusa upande mmoja tu, drili imelala, inyooshe.

Ukiisha ingia kidogo, vuta msumeno nje huku ukizunguka. Kisha simamisha drili, uondoe unga kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, unga utaingia machoni. Rudi tena, ukate kidogo, uvute tena. Kwa mbao laini huhitaji kuvuta mara nyingi. Kwa mninga, vuta mara kwa mara.

Ile biti ndogo ikitokeza upande wa pili, simama. Usiendelee mpaka mwisho. Geuza mlango, ubane tena, uingize biti katika kitundu kile kile, kisha maliza kutoka upande huo. Kuna faida mbili. Kwanza, uso wa mlango hauchaniki. Pili, kisahani cha ubao kinatoka kwa urahisi, maana kinakuwa kimetokeza nje kidogo.

Kisahani kikinasa, chomoa umeme kwanza. Subiri kipoe. Kisha ingiza bisibisi katika tundu la ubavuni, usukume huku na huku. Usigonge kikombe kwenye jiwe. Kikombe kilichobonyea hakitazunguka sawa tena.

MOSHI UNASEMA NINI?

Moshi katika kazi hii unasema jambo moja tu: mahali meno yanapogusa pana moto kupita kiasi. Sababu zake ni nne.

Sababu ya kwanza ni unga uliojaa. Vuta, usafishe. Mafundi wana ujanja mmoja mzuri. Kata kidogo kwa msumeno mpaka mzunguko uonekane. Kisha chukua biti ya kawaida, utoboe kitundu kimoja au viwili hapo hapo mzungukoni, kwa upande wa ndani, upande wa kisahani kitakachotupwa. Vitundu hivyo vitokee mpaka chini. Ukirudi na msumeno, unga utaangukia humo. Utashangaa jinsi kazi inavyokwenda bila moshi.

Sababu ya pili ni meno butu. Fundi akiona msumeno haukati, anakandamiza. Kukandamiza kunaongeza moto, moto unazidi kuharibu meno, na yeye anazidi kukandamiza. Hapo ndipo kijana wetu alipofikia.

Sababu ya tatu ni utomvu uliogandia kwenye meno. Hili huonekana zaidi kwa mbao za msindano, kama zile zinazotoka msitu wa Sao Hill, kule Mufindi.

Sababu ya nne ni mwendo wa kasi. Hapa tufanye hesabu pamoja.

Chukua msumeno wa mm 25 na mwingine wa mm 75. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14.

Msumeno mdogo: 25 × 3.14 = mm 78.5
Msumeno mkubwa: 75 × 3.14 = mm 235.5

Tuseme drili inazunguka mara 500 kwa dakika. Jino la msumeno mdogo litakimbia kama meta 39 kwa dakika moja. Jino la msumeno mkubwa litakimbia kama meta 118. Drili ni ile ile, kitufe ni kile kile, lakini jino la msumeno mkubwa linakimbia mara tatu zaidi. Ndiyo maana linaungua upesi. Basi kanuni ni hii: tundu likiwa kubwa, mwendo upunguzwe.

Kwa nini tunaogopa moto? Chuma cha msumeno kilipewa ugumu kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukikipa moto mwingine usiopimwa, ugumu unaondoka. Meno ya chuma cha kawaida yakigeuka rangi ya bluu, yamelainika. Hata ukiyatia tupa, makali hayatadumu.

KUTUNZA

Msumeno unaotunzwa hukata milango mingi. Usiotunzwa hufa kwa mlango mmoja, kama tulivyoona.

Kusafisha. Kila mwisho wa kazi, ukiwa umepoa, futa unga wote. Kama kuna utomvu, loweka meno katika mafuta ya taa kwa muda, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, taa ya moto na sigara. Ukaushe, kisha upake mafuta ya mashine kidogo sana ili kutu isiingie. Kabla ya kazi nyingine, futa mafuta hayo yasichafue mbao.

Kunoa. Aina ya chuma cha kawaida inanoleka kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Bana kikombe kwenye jiliwa, lakini zungushia kitambaa usikibonyeze. Anza na jino moja, utie alama ya chaki. Noa upande wa mbele wa jino, ule unaoingia kwanza katika ubao. Piga tupa mara mbili au tatu, uende jino linalofuata, upige mara zile zile. Hesabu. Ukinoa jino moja mara tatu na jingine mara nane, moja litakuwa refu na jingine fupi, na lile refu litafanya kazi peke yake mpaka livunjike. Tazama pia jinsi meno yalivyolala: moja ndani kidogo, jingine nje kidogo. Ulalo huo usiuharibu, maana ndio unaoupa msumeno nafasi ya kupita bila kukwama. Aina ya vyuma viwili ni ngumu sana kwa tupa. Mpelekee fundi mwenye jiwe dogo la kunolea. Ile ya meno ya kubandikwa usiiguse kwa tupa kabisa.

Biti ya katikati nayo inoe au uibadilishe. Wengi wanaisahau. Ikiwa butu, inakataa kuingia, na fundi anaanza kukandamiza hata kabla ya meno kugusa ubao.

Kuweka. Usitupe misumeno yote katika debe moja na misumari. Chukua ubao, pigilia vijiti, utundike kila kikombe mahali pake, na uandike kipimo chini yake. Mtu akitaka mm 54 aone mm 54.

DAFTARI LA VIFAA

Kama kifaa ni cha kikundi, wekeni daftari. Chora mistari upate safu tano: tarehe, jina la aliyechukua, kifaa, hali wakati wa kuchukua, hali wakati wa kurudisha. Kila mtu aandike mwenyewe kwa mkono wake. Asiseme, "Niandikie wewe." Tumejifunza kuandika kwa ajili ya mambo kama haya.

Daftari si la kumtafuta mwizi. Linasema ukweli wa kifaa. Mwanakikundi akiandika "meno matatu butu", mwenzake wa kesho atanoa kwanza. Asipoandika, mwenzake atakandamiza, na kifundo cha mkono kitakuwa cha mwenzake.

Na jambo la mwisho. Wekeni sheria moja karakanani: mtu yeyote akiona moshi, awe mzee, kijana, mwanafunzi au mgeni aliyekuja kutembea, ana haki ya kusema "Simama!" Na mwenye drili asimame bila kubisha. Asione kwamba amedharauliwa. Yule mzee aliona na aliuliza, lakini akajibiwa akanyamaza. Sisi tuliona na hatukuuliza. Siku ile neno moja lingeokoa mkono na msumeno.

Kijana yule amepona na amerudi karakanani. Tulipomtembelea tena alikuwa anatoboa mlango uliobanwa kwa vibano viwili, na mpini wa pembeni umefungwa. Ukutani mbele yake ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: MOSHI = SIMAMA.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Msumeno wa kikombe una sehemu ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini hatuvai glovu tunapotoboa kwa drili?
3. Taja sababu nne za moshi. Ni ipi inayotokea zaidi katika karakana yenu?
4. Kwa nini tunageuza mlango biti ya katikati inapotokeza upande wa pili?
5. Je, katika karakana yenu kijana anaweza kumwambia fundi mzee asimame? Kama hawezi, mfanye nini?

HESABU

Msumeno una kipenyo cha mm 50. Drili inazunguka mara 400 kwa dakika. Tafuta mzingo wa msumeno, kisha utafute jino linakimbia meta ngapi kwa dakika.

(Jibu: mzingo ni mm 157. Jino linakimbia meta 62.8.)

KAZI YA KUFANYA

Chukua msumeno wa karakana yenu. Hesabu meno yake yote. Andika katika daftari: meno mazima ni mangapi, butu ni mangapi, yaliyovunjika ni mangapi. Kisha mjadiliane kama unafaa kunolewa au umekwisha.